Bega la Mama na Mashine ya Sombe

Rubondo, Nakivale
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na nakujua, ukisimama utaanza kufagia. Bwana asifiwe sana. Umeamkaje, na huo mkono wa kulia nao umeamkaje? Nauulizia peke yake kwa sababu dada Neema aliniambia kwamba sasa huwezi hata kuuinua ufunge kitambaa kichwani, mpaka yeye akufunge. Sisi huku kambini Uganda tu wazima. Daniela na wadogo zake wanasoma, wanakula, wanagombana. Maharage yanachanua na mvua haijatunyima. Neema, wewe unayemsomea mama, soma kila neno, hata pale atakapokuambia basi inatosha.

Ningeyasema haya kwa simu, lakini simu inakatika, na wewe mama ukisikia neno mashine unamrudishia Neema simu yake. Karatasi hutaweza kuirudisha. Nimeikabidhi kwa mchungaji wetu anayekuja huko Kongo, Uvira, kuwaona ndugu zake, naye ameahidi kuifikisha mkononi mwako.

Unaikumbuka barua yangu iliyopita. Shemeji Bahati alikuletea mashine ya kusaga majani ya muhogo, yaani sombe, ili upumzishe bega, ukaikataa, kisha ukaniuliza mimi nasemaje. Nami nikakujibu kwa kiburi changu chote: usikubali mama, sombe ya mashine haina mkono wa mtu, na anayekula atajua. Mashine ikafunikwa gunia, wewe ukaendelea kutwanga sombe za harusi na za misiba ya mtaa mzima. Barua ile ndiyo ninayotaka kuifuta leo.

Nina simu ya kugusa kioo, nilikuambia. Ndani yake kuna kikundi cha watu wa kwetu Uvira waliotawanyika duniani. Sijui nikuelezeje, mama. Ni kama mtaa wetu wote umekaa kibarazani, ila mmoja yuko Bujumbura, mwingine Kanada, mwingine Australia. Ninaandika neno nikiwa juu ya kigoda jikoni kwangu, na kabla maji hayajachemka Kanada imekwisha kujibu. Huyu anaaga kwenda kulala, yule anasema ndiyo kwanza anaamka. Mara ya kwanza niliiweka simu chini nikaitazama tu, nikasema Ee Mungu, mtu ninayemwandikia yuko ng'ambo ya bahari na mimi hata kigoda sijakiacha. Mpaka leo sijazoea.

Na maneno yao! Mwezi uliopita walianza kubishana kama mashine zitamaliza kazi za watu. Kijana wa Australia akaandika kwamba huko dukani unajilipia mwenyewe kwenye mashine, hakuna hata wa kumsalimu. Mama Chantal, yule binti wa fundi cherehani aliyehamia Kanada, akasema: "Hapa mashini inafua, inakausha, inaosha masahani, na bado ninachoka. Muniambie ule uchovu unatoka wapi!" Mwingine wa Bujumbura akasema kesho mashine zitahubiri, wachungaji watafute mashamba. Mchungaji mmoja akamjibu kwamba mashine haijawahi kutenda dhambi, itamwambia nini mwenye dhambi? Tulicheka mpaka nikaunguza ugali.

Kisha Mama Chantal akatuma picha ya sombe ya dukani kwao, imesagwa kwa mashine na kugandishwa kwa baridi kama jiwe, akasema ni tamu. Hapo damu ikanipanda. Nikaandika kwamba mimi, binti ya mama mtwanga sombe, hata mkinifunga macho nitaitambua ya mashine kwa ulimi peke yake. Unajua mdomo wangu, mama. Ni wewe uliyenizaa nao.

Sasa jirani yangu hapa Rubondo, Mama Nabintu, mwenzangu wa kwaya, naye yumo kikundini. Alikuja mlangoni kwangu siku hiyo hiyo, simu mkononi, anacheka.

"Mama Daniela, weye unajivuna mingi! Sawa. Siku ya bamama kanisani tutakufunga macho. Tutaona kama ule ulimi yako iko na macho."

"Munifunge," nikamjibu. "Miye siogopi."

Tulikwenda pamoja mjini Mbarara, kule Kakoba, ambako fundi mmoja wa Kinyankore amefunga mashine ya kusaga karanga na kila kitu. Nilibeba majani kapu zima, mengine kama hayo nikayaacha nyumbani kwa ajili ya kinu changu. Mama, nisikudanganye, nilikwenda kuidharau. Ina mdomo juu kama faneli na tumbo la chuma. Fundi akaiwasha, ikanguruma, akatia majani yetu, na chini ikaanza kutoka sombe laini, kijani kibichi, inajikunja ndani ya beseni. Hata sala ya Baba Yetu nisingeimaliza, kapu lilikuwa limekwisha. Kapu ambalo mimi na wewe tungelitwanga kwa kupokezana mpaka mikono iote malengelenge! Nilisimama pale mdomo wazi. Fundi akaniona.

"Nyabo," akaniambia, ndivyo wanavyomwita mama huku, "wewe natwanga siku yote, mgongo nauma. Hii hapana uma mgongo. Leta ingine!"

Nilimwambia sina nyingine. Njia nzima ya kurudi nililipakata beseni, na Mama Nabintu, kwa huruma au kwa hila, akanizungumzia kwaya tu.

Siku ya akina mama ikafika. Sufuria mbili, mpishi mmoja, naye ni mke wa mchungaji. Mawese yale yale, samaki wadogo wale wale, ndagala. Sufuria moja ilikuwa na sombe niliyoitwanga mimi mwenyewe jana yake, nyingine ile ya Kakoba. Wakanifunga macho kwa kitenge, na binti mmoja wa kwaya akashika simu kupiga video ya kupeleka kikundini.

Kijiko cha kwanza nikakitafuna kidogo tu. "Hii ni ya chuma," nikasema. "Imesagika kivivu, haina roho."

Kijiko cha pili kikaingia. Mama, nilikuwa Uvira. Nilikuwa nyuma ya nyumba yako, nimekaa chini, natoa vijiti kwenye majani na wewe unaniambia nisiache hata kimoja. Machozi yakalowanisha kitenge. "Hii ndiyo," nikasema. "Hii ni mkono wa mama yangu."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile ndani ya nyumba ya Mungu. Wakanifungua macho.

"Ile ya kwanza njo yako!" Mama Nabintu akapiga makofi. "Ulitwanga weye mwenyewe, jana tulikusikia! Hii unayolilia njo ya mashini!"

Niliukana mkono wangu mwenyewe mbele ya kwaya nzima. Na kabla sijafika nyumbani, dunia yote ilikuwa inanicheka. Australia inacheka, Bujumbura inacheka, Mama Chantal anauliza kama nitumiwe sombe ya jiwe. Kidole changu kilikuwa tayari kutoka kikundini. Lakini nikasema ngoja kwanza niitazame video hiyo. Nikauona uso wangu, kitenge machoni, mdomo umejaa, ninatabasamu kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Nikairudia mara nyingi. Nikakumbuka kwamba mke wa mchungaji alijifunza kupika sombe kwangu, nami kwako: ndagala wakaangwe kwanza, mawese mwisho, moto mdogo, usifunue funue. Basi mkono wako ulikuwa ndani ya sufuria zote mbili, ila mimi sikujua pa kuutafuta.

Ndipo nilipolikumbuka bega lako, na kicheko chote kikanitoka. Miezi yote hii umetwanga na maumivu kwa sababu ya neno la binti asiyeitambua hata sombe yake. Nisamehe, mama. Nimetubu kwa Mungu, lakini kwa Mungu ni rahisi, kwako ndiko naona aibu.

Najua utasema si utamu tu. Neema alinieleza: unasema mtaa usiposikia mchi wako asubuhi, watadhani umekufa. Mimi ni wa mwisho kulicheka hilo. Nakumbuka tuliporudi kutoka kukimbia vita, nyumba haina mlango, hatuna hata jani moja la kutwanga, na wewe ukakisimamisha kinu uani ukakitwanga kitupu. Nilidhani akili zimekuruka. Ukaniambia, acha wasikie kwamba tumerudi. Na kweli, kabla ya jua kuwa kali, majirani walikuja mmoja mmoja, na mmojawao amebeba muhogo.

Nisalimie shemeji Bahati, mwambie namwomba radhi na aiondoe mashine chini ya gunia. Nisalimie mama mdogo Zawadi, na babu jirani anayekuja kuonja bila kuitwa, yeye atuambie kama anaona tofauti. Msalimie na kaka Yusto, fundi wa baiskeli, alete mafuta ya kulainisha ile mashine. Neema, wewe nakusalimu mara mbili, kwa kumfunga mama kitambaa.

Mama, sasa ninakuomba kitu kimoja. Asubuhi, kabla Neema hajaiwasha mashine, kaa kwenye kigoda chako uani. Shika ule mchi mdogo kwa mkono wa kushoto, ugonge kinu kitupu mara tatu. Mtaa utasikia. Nami kila asubuhi nitagonga cha kwangu hapa Rubondo, mara tatu, hata Mama Nabintu akiniuliza ninatwanga nini.

Mkono wa kulia usiutumikishe. Huo unitunzie mimi, siku nikirudi unikumbatie kwa yote miwili.

Mimi binti yako asiyejua sombe,
Riziki