Hukujikuna Pua

9 Januari

Kwako mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na cherehani nayo nzima, ila inakohoa kidogo kwa yale matope iliyoyameza mwaka jana. Wewe je? Nakuona kila siku kwenye televisheni ya kinyozi, kwenye kile kisanduku chako cha pembeni, mikono inakwenda huku waheshimiwa wakipiga domo. Kinyozi akiniona naingia hunipandishia sauti. Kiziwi, anipandishie sauti! Mtu mwema sana, lakini akili zake sijui alizisahau wapi.

Na lile koti jeusi alikushonea nani? Bega la kushoto limepanda juu, la kulia limekata tamaa. Unaniaibisha, wewe dada wa fundi.

Sasa niambie habari za muswada wa mazingira. Huku bondeni watu hatulali. Kile kinamasi cha juu, kilichokuwa kikimeza mvua zote, wenye kiwanda wameshaanza kukifukia upande mmoja. Mwaka jana maji yaliingia ndani nami sikuyasikia, niliamka godoro limelowa na simu imeshakufa. Ndiyo maana nakusumbua kwa barua. Kifungu cha kukataza kufukia kikipita, nabaki. Kisipopita, kinyozi ana nafasi kule mlimani nyuma ya duka lake. Lakini nyumba hii niliijenga na marehemu wifi yako, tofali kwa tofali, na kuiacha naona kama namzika mara ya pili. Usinifiche kitu. Nihame, au nisihame?

Ni mimi kaka yako,
Fundi


24 Januari

Kwako Kaka,

Shikamoo. Nilicheka kwa habari ya bega, halafu nikafika mwisho wa barua nikalia. Mimi mzima wa mwili. Mikono inauma, shingo inauma, na moyo ndio usiseme.

Leo mbunge mmoja kasimama akauliza, "Hivi sheria hii tunawatungia watu au tunawatungia vyura?" Wakagonga meza, wakacheka mpaka Spika akajifunika kwa kitambaa. Nami ikanibidi niwaonyeshe mlioko majumbani kwamba ukumbi unacheka. Kununa siruhusiwi. Mwezi uliopita niliinua nyusi waziri alipokuwa akitaja takwimu zake, akalalamika, nikaitwa ofisini. Msimamizi akaniambia, "Wewe ni bomba, mama. Bomba halionji maji." Kosa moja tena, kazi sina.

Kuna mbunge, daktari wa mifugo, anayekipigania kifungu peke yake. Anawaambia mvua za siku hizi si zile tulizozizoea, na kinamasi kikifukiwa maji hayatauliza njia, yatapita kwa watu. Wanamzomea. Nimemtafsiri kwa nguvu zangu zote, lakini nguvu za mikono haziongezi kura.

Kaka, usingoje matokeo. Hama. Wifi ataelewa. Nyumba haijui kuogelea.

Mdogo wako,
Kasuku


19 Februari

Kasuku wangu,

U hali gani? Mimi mzima, na nina furaha, kwa hiyo kaa chini usome vizuri.

Nilikutii. Nilipandisha cherehani mlimani, nikalala kwa kinyozi wiki nzima. Watu wanasema anakoroma. Mimi nilichojua ni kwamba kitanda kilikuwa kinatetemeka.

Juzi tukajazana dukani kutazama kura. Nikaona mikono yako ikisema waliosema ndiyo wameshinda, kifungu kimeondolewa. Nikajua tumekwisha. Halafu waziri akasimama, nawe ukasema: serikali itajenga ukuta wa mawe ukingoni kabla ya mvua, hakuna haja ya mtu yeyote wa bondeni kuhama. Majirani wakabetua midomo. Wamezoea, ahadi zao huota mbawa. Mimi nikakaza macho kwenye pua yako.

Unakumbuka? Baba alipokuwa akiniambia jambo kupitia kwako, nawe ukijua ni uongo, ulikuwa unajikuna pua. Aliposema paka wangu kahamia kwa shangazi, ulijikuna. Aliposema masikio yangu yatafunguka siku moja, ulijikuna mpaka pua ikawa nyekundu. Hujawahi kuniacha gizani, hata mara moja.

Juzi hukujikuna. Nilikutazama mwanzo hadi mwisho, pua imetulia tuli. Nikawaambia wote, tulieni jamani, dada yangu yuko humo ndani, angekuwa anajua. Waliokuwa wamefunga mizigo wamefungua. Mimi mwenyewe nimerudi nyumbani, nimefagia, wifi yako angefurahi.

Nakushonea koti. Likiisha nitaliacha kwa kinyozi akutumie.

Kaka yako,
Fundi


27 Februari

Kaka,

Shikamoo, na unisamehe, salamu nyingine sina. Ondoka hapo. Ondoka leo hii, cherehani iache.

Yale hayakuwa maneno yangu! Yalikuwa ya waziri, na nilijua ni uongo. Asubuhi ileile nilikuwa nimetafsiri bajeti ya wizara yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ukuta haukuwemo. Pua iliniwasha kweli, Kaka. Mkono ulifika kifuani, nikamwona msimamizi ananitazama, nikaurudisha. Niliogopa kazi yangu. Nikajisemea, Kaka ameshahama, leo hakuna anayeitazama pua yangu.

Waambie na majirani. Waambie nimesema mimi. Huku mvua imeanza tangu jana na haionyeshi dalili ya kukata. Simu ya kinyozi haipatikani. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, ameniapia ataifikisha.

Kasuku


12 Machi

Kaka,

Sikuulizi hali. Tulikuzika Alhamisi, karibu na wifi, kule juu ambako maji hayakufika.

Barua yangu hukuipata. Basi liliishia mtoni kwa sababu daraja lilikuwa limekwenda. Dereva aliirudisha mwenyewe, haijafunguliwa, akaniomba radhi kama kwamba mvua ni yake. Nilikwenda nayo kazini mfukoni. Siku hiyo walikuwa wanajadili magari ya kamati. Waziri akasimama kuchangia, nami nikajikuna pua mbele ya nchi nzima. Nikajikuna tena. Nikaacha maneno yake yapotee, nikatumia ile ishara yetu ya utotoni, ya wakati tukicheza kujificha: Kaka, panda juu. Niliirudia mpaka wakazima kisanduku. Walinitoa ukumbini bila hata mkoba wangu.

Kinyozi ananiambia umeme ulikuwa umekatika huku tangu siku iliyotangulia. Hukuniona.

Waliosikia mngurumo walikimbia, na wengi wao wamepona. Mama muuza mkaa anasema alikugongea dirisha wee, mpaka maji yakamfika kiunoni, ndipo akakumbuka nani anayemgongea. Alilia aliponieleza. Hakuna aliyenilaumu, na ningependa wanilaumu. Kuna baba mmoja tu aliyenijia pale makaburini, akaniuliza, "Wewe ndiye yule dada wa televisheni?" Nikasema ndiye. Alikuwa mmoja wa wale waliofungua mizigo. Alikuwa na watoto. Alinitazama kidogo, akaenda zake.

Koti ulilimaliza. Kinyozi alilitunza kwenye kabati la taulo. Nimelivaa sasa hivi ninapoandika, na mabega yote mawili yamekaa sawasawa. Sijui ulipimaje, Kaka, kwa kunitazama tu kwenye kile kisanduku.

Niko hapa dukani, kwenye kiti chako. Televisheni imewashwa. Bunge limesimama dakika moja kuwakumbuka watu wa bondeni, na mkalimani mpya, binti mdogo hivi, amesimama naye mikono ameishusha. Halafu wakakaa. Waziri akavuta kipaza sauti, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba ukuta utajengwa kabla ya mvua zijazo. Kinyozi akapandisha sauti, kwa mazoea.

Mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naitazama pua ya yule binti.

Hakujikuna.

Mdogo wako,
Kasuku