Mwenye Nyumba Aliyemficha Jambazi

Jumamosi, 2 Machi 2013
Vumbi tangu asubuhi, Doha yote rangi ya chai. Baba Kabir — mzee ninayemtunza — ametaka tena ile filamu yake ya zamani ya Kijapani. Jambazi wa kofia pana ya nyasi, anatafutwa, anatembea tu. Maandishi ya chini ni Kiingereza, mzee hakijui; namtafsiria kwa Kiarabu changu cha jikoni. Jambazi akivuka mto, hata mimi nahisi miguu inalowa. Aki nasahau niko Al Rayyan! Mwisho hatujawahi kuuona. Mzee hulala katikati.

Jumatatu, 4 Machi
Mdogo wangu Jebet amepiga simu, ananong'ona. Ametoroka kwa mwajiri wake hapa hapa Doha — walikuwa wanamfungia, wanampiga. Pasipoti imebaki huko. Akishikwa ni jela, kisha ndege ya kurudishwa kwetu. Anataka kuja kwangu. Kwangu wapi, jamani? Hii ni nyumba ya watu!

Jumatano, 6 Machi
Leo mzee hakulala. Na mimi nimefanya ujinga. Au akili, sijui.

Mvua, usiku, jambazi anabisha mlango. Mwenye nyumba anamlisha wali — halafu, kwa kunong'ona tu mlangoni, anamuuza kwa askari. Mimi nikamtafsiria mzee kwamba mwenye nyumba amemficha. Uongo mtupu! Baba Kabir akapiga paja: huyo ndiye mwanamume, mgeni hatolewi. Basi nikamweleza habari za Jebet. Akachukua rimoti, akasimamisha mvua ya kwenye TV. Kisha akasema, mlete.

Alhamisi, 7 Machi
Jebet amefika. Amekonda, woi! Amelala kitandani kwangu mchana kutwa, nami nazunguka kwa vidole vya miguu. Nyumba imetulia kama iko chini ya maji. Nina furaha, naogopa.

Ijumaa, 8 Machi
Jassim, mwanawe mzee, amekuja baada ya swala. Ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi. Akitaka naondoka kesho. Jebet nimemficha jikoni. Mzee naye: keti, mwanangu, umwone mwenye nyumba mwanamume!

Akaiweka ile filamu. Jassim amesoma Uingereza. Mlango, wali, askari — amesoma maandishi yote. Akanigeukia, akanitazama sana. Mzee akamuuliza, umeona alivyomficha? Jassim akasema, nimeona, Baba. Kisha akaniagiza chai. Vikombe vinne.

Naandika jikoni, birika linachemka. Mzee, Jassim, hata wakinihesabu mimi — watatu. Cha nne cha nani: Jebet, au askari? Sasa namsikia anaongea na mtu kwa simu, polepole, neno silishiki. Nimepanga vikombe vinne kwenye sinia. Jebet ameviona. Ameanza kuvaa viatu —