Chuma cha Daraja la Kalinzi

Jumatano, Katubuka

Na ripoti nilishaisaini: daraja la zamani la njia ya Kalinzi limechoka, livunjwe Jumatatu. Leo ndiyo nikakumbuka kupima chuma chake.

Nilipeleka kipande kwa Mzee Sadiki, mhunzi wa Mwandiga. Akakibana kwenye jiliwa, akakigonga kikiwa baridi. Kikajikunja kama chapati, bila ufa. Nikampa nondo mpya, ya daraja tutakalojenga. Pigo la tatu, ikakatika.

“Hiki cha zamani kinapinda kwanza, watu wanawahi kukimbia,” akasema. “Hiyo yenu haiagi.”

Nikajidai naandika. Naogopa kumwambia mkuu wangu.

“Injinia, nani kasema daraja limechoka?” Mzee Sadiki akauliza.

“Wataalamu,” nikajibu.

Kwenye ripoti kuna saini moja tu.