Kwa Chelewa, Binti Aliyekwenda Mbio

Mwaka mzima umekatika, binti yetu, tangu homa tuliyoidhani ya kupita ikuchukue ukiwa kidato cha nne.

Shuleni walikuita Chelewa, kwa wembamba wako kama ujiti wa ufagio, na kwa kuwa kengele ya asubuhi haikukukuta ndani ya geti hata siku moja. Mwalimu wa michezo alisimama pale kuwakamata wachelewaji. Wewe akashindwa kukukamata. Kesho yake akakutia kwenye timu.

Basi ukawa wa kila kitu: netiboli, voliboli, kuruka juu, mbio. Kwenye mashindano ya shule zote ulifunga bao la ushindi la netiboli, ukabadilisha jezi nyuma ya shuka aliyokushikia shangazi yako, ukaenda kushinda mita elfu moja na mia tano kwa rekodi ambayo shule haijapata kuiona. Viatu baba yako, fundi masofa, alikuwa amevishona kwa uzi wa makochi. “Baba, nikikanyaga nasikia kama nimekaa sebuleni kwa watu,” ulimwambia. Alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Ukishamaliza mbio hukukimbilia kupigwa picha. Ulirudi kuwapokea wa mwisho kwa maji. Na bibi yako ulimkata kucha kila Jumapili, ukimtania kwamba miguu ya mbio umeiiba kwake.

Siku hizi baba yako anafunga karakana mapema, halafu hana pa kwenda. Mlikuwa wawili tu nyumbani, tangu mama yako atangulie. Redio anaiwasha ili pawe na mtu anayezungumza.

Mwezi uliopita alikwenda kwenye michezo ya shule yenu, akakaa peke yake juu kabisa ya jukwaa. Tunataka habari hii uisikie kwetu, mama: rekodi yako imevunjwa. Ni kasichana ka kidato cha kwanza. Uwanja ulilipuka kwa shangwe, kisha walimu wakakumbuka nani yuko jukwaani, mmoja mmoja wakanyamaza, na uwanja ukapoa nao. Baba yako akainuka, akapiga makofi peke yake, mpaka uwanja mzima ukamfuata.

Mtoto yule alipanda kumsalimia, bado anahema.

“Shikamoo, baba. Samahani, nimemvunjia dada rekodi yake.”

“Marahaba, mwanangu. Samahani ya nini? Angekukumbatia, halafu angekwambia, mwakani jiandae, narudi.”

Mtoto akacheka. Baba yako naye akacheka, na alishuka ngazi zile vizuri tu. Lakini alipofika nyumbani aliita jina lako mlangoni kwa sauti, kwa sababu alikuwa na habari, na habari za uwanjani hajawahi kumpa mtu mwingine. Alisimama pale hadi jirani akamuuliza, “Mzee, umepoteza ufunguo?” Akasema ndiyo.

Unakumbukwa na baba yako, bibi yako mzaa mama, shangazi yako, mjomba wako na mkewe, binamu zako wote, mwalimu wako wa michezo na wenzako wa timu.

Pumzika, Chelewa. Maadamu tunapumua, hututoki moyoni.