Mkono Mbele ya Mdomo

Mpendwa dada Ndeshi,

Ninakuandikia nikiwa kibarazani kwa mama hapa Maji ya Chai, umande umeanza kukauka kwenye migomba. Kesho narudi ofisini Arusha. Naogopa, na wewe ndiwe mtu pekee niliyezoea kumwambia kwamba naogopa. Wengine huwaambia nina mafua.

Najua hukufundishwa kusoma, na huko uliko barua haifiki. Niwie radhi. Kusoma huku nilikupata kwa jasho lako, sijui nimwandikie nani mwingine.

Kila nikipita mtoni nakumbuka siku ile ulipokuwa umenibeba mgongoni kwa sababu niliogopa mawe yenye utelezi. Ukateleza wewe, tukaketi majini sote wawili pamoja na unga wa mama. Mimi nililia. Wewe ulitupa kichwa nyuma ukacheka, meno yako yote ya kahawia nje, mpaka ukashindwa kusimama. Ukasema, "Lia kidogo, mdogo wangu, halafu ucheke. Uji tumeshaukoroga."

Meno yetu sote huku yako vile. Maji ya mto huu huyapaka rangi tangu yanapoota, na wewe hukuwahi kuwaza kwamba kuna watu wenye mengine. Sokoni walijua umefika kabla hawajakuona, kwa kicheko tu.

Baba alipotutoka ulikwenda kuchuma kahawa shambani kwa mzungu ili mimi nisiache shule. Nilipopata nafasi katika shule ya serikali kule pwani, ulinisindikiza hadi barabarani na sanduku langu kichwani. Yaliyonikuta huko sikukuambia. Siku ya kwanza nilisimama darasani kutaja jina langu, kijana mmoja akaita, "Jamani, kikombe cha chai hakijaoshwa!" Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo nikaitwa Kikombe. "Kikombe, lete daftari." "Kikombe, sogea, usije ukavunjika." Kabla ya muhula kwisha, mkono wangu wa kulia ulikuwa umezoea kupanda wenyewe mdomoni kila nilipotaka kusema neno. Nilipokuja likizo uliuliza, "Jino linakuuma?" Nikasema ndiyo. Ukanichemshia majani machungu, nikasukutua nayo yote nikikutazama.

Nilipoajiriwa bomani, mkono ulikuja nami. Bwana Shauri, yule mzungu ninayemwandikia barua zake, alidhani ni heshima. Alimwambia karani mkuu, Mzee Salehe, mbele ya ofisi nzima, "Huyu ana adabu. Wengine wamwige." Dada, waliniiga! Kwa siku kadhaa makarani na matarishi walizungumza naye wakiwa wameziba midomo, mpaka akauliza kama kuna ugonjwa umeingia mjini. Ungekuwapo ungeanguka chini kwa kucheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepandishwa cheo kwa ajili ya mkono huo, na nikaanza kuogopa siku utakaposhuka.

Kisha homa ikakuchukua. Nilikuja kukuzika, nikarudi mezani kwangu, nikaendelea kuandika kwa mwandiko mzuri. Asubuhi moja nilikuwa chumbani nilikopanga, nanyoa ndevu, nikaukumbuka ule uji wetu wa mtoni. Nikacheka. Mkono ukapanda. Hapakuwa na mtu, Dada. Kilikuwapo kioo tu, na nilikuwa nakificha kioo meno yangu. Niliketi kitandani na sabuni ikinikaukia shavuni, nikajiuliza ni nani anayekaa nyuma ya mkono huu, na mara ya mwisho nilimwona lini.

Siku hiyo hiyo nikamwendea Mzee Salehe.

"Shikamoo, mzee. Naomba likizo ya miezi mitatu, bila mshahara."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi, mzee."

"Unaoa?"

"Hapana."

"Umefiwa?"

"Si sasa hivi."

Alivua miwani. "Basi likizo ya nini, kijana?"

"Nataka kukaa nyumbani nijitazame."

"Ujitazame! Mimi nimetoka Pangani kuja kukaa kwenye baridi hii, mwaka wa ngapi sijui, sijawahi kupewa hata siku moja ya kujitazama. Na nikijitazama nitaona nini? Tumbo." Alicheka peke yake, halafu akashusha sauti. "Mwanangu, nitakuombea. Lakini kile kiti hakikai kitupu. Yuko kijana wa Moshi ameshakitolea macho."

Mama naye alinipokea hivyo hivyo. "Wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Nimeomba mwenyewe."

"Umeomba mwenyewe kukosa mshahara." Alinitazama kama anayetazama mbuzi aliyerudi zizini mchana. "Haya, jembe liko pale. Kula utakula."

Nililima. Nilichuma kahawa. Nilikaa kaburini kwako nyuma ya migomba. Mwanzoni niliamka alfajiri nikidhani nimesikia kengele ya Bwana Shauri, kumbe ni kengele ya ng'ombe wa jirani. Nilifikiri nimekuja kupumzika. Sikujua kwamba kuna mtu ananitazama.

Ni Naomi, binti yako. Shemeji alipooa tena alimwacha hapa kwa bibi yake. Meno yake ya utoto yameng'oka, na mapya ya mbele yameota na mistari ya kahawia, kama yako. Anacheka kama wewe. Nilipofika alikuwa anacheka kama wewe.

Jioni moja tukiwa jikoni mama alisimulia jinsi jogoo wake alivyomfukuza mzee wa kanisa mpaka akaacha kofia. Nikacheka, mkono ukapanda. Pembeni yangu Naomi naye akacheka, na mkono wake mdogo, mweusi kwa masizi, ukapanda ukaziba mdomo.

Mama aliacha kukoroga sufuria. "Wewe, nani amekufundisha kuficha meno?"

"Mjomba," akasema Naomi kwa furaha. "Ndivyo wanavyocheka watu wa ofisini."

Mama alinitazama, kisha akatazama moto. Dada, nilisikia aibu kuliko ile ya darasani. Kikombe nilipewa na wengine. Huyu mtoto alikuwa anapewa na mimi.

Kesho yake nilimchukua Naomi mtoni, nikamweleza yote, hata lile jina. Alifikiri sana. "Mjomba, mkono unakushinda?" Nikamwambia unanishinda. "Basi ubebeshe kitu." Ndivyo tulivyoanza. Nilibeba mikungu ya ndizi, ndoo, vikapu vya kahawa, kuku wa mama. Naomi alinifuata akinichekesha kwa makusudi, na kila mkono ulipoponyoka alipiga kelele, "Umeruka!" Nimevunja mayai, nimemwaga maziwa. Mama alisema likizo hii itamfilisi. Lakini Naomi aliacha kuziba mdomo kabla yangu. Siku moja nami nilicheka, na kuku alibaki mkononi.

Hofu haijaniacha. Nilidhani nitarudi nikiwa mtu mwingine, lakini ni mimi yule yule. Juzi dereva wa basi alileta maneno ya Mzee Salehe: "Njoo Jumatatu, kiti chako kipo. Bwana Shauri anamuulizia kila siku yule karani wake mwenye adabu." Unaona, Dada. Wanayemngoja ni yule wa mkono. Huyu mwingine atakayeingia mlangoni hawajamwona, na sijui kama watampa kiti.

Nikaona bora nijipime leo. Asubuhi hii nilimwambia Naomi tutoke hadi barabarani tujifanye kwamba nasafiri. Basi la Moshi lilisimama, abiria wakatoa vichwa madirishani. Naomi akauliza, "Mjomba, kesho ofisini utacheka?"

"Nitajaribu."

"Cheka sasa, nione."

"Mbele ya watu wote hawa?"

Akaudaka mkono wangu wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akauvuta chini hadi kifuani kwake. "Nimekushikia," alisema. "Cheka."

Nilicheka, Dada. Kwanza kwa woga, halafu kweli. Mama mmoja dirishani akacheka nami bila kujua anacheka nini, na nilipomtazama, meno yake yalikuwa kama yetu.

Kesho Naomi hatakuwapo pale mlangoni kwa Bwana Shauri. Nitasimama na faili, nitasema "Habari za asubuhi, Bwana," na mkono wa kulia nitauacha chini, pale ambapo binti yako aliushika. Wakinitaka hivyo, nitakaa. Wasiponitaka, jembe liko pale.

Lala salama, Dada. Nimelia kidogo, na nimecheka.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba mgongoni.