Na Mukwe Wangu ku Plage

Siku ya tano, 6 août 1999

Tumefika. Plage iko kando ya ziwa, karibu ya mji, ukigeuza shingo unaona Bukavu. Mukwe wangu Lucien anasema nipumzike. Hakuniambia mimi — mukwe mwenye adabu hasemi na mama wa bibi yake uso kwa uso. Alimwambia binti yangu Colette, Colette akaniletea neno. Ndivyo tunaishi tangu alete ng'ombe za ndoa, na ni vizuri hivyo.

Lakini mimi si mujinga. Radio inasema wamesaini amani kule Lusaka. Waaskari wa huku hawasikilizi radio. Nani anapumzika mwaka huu? Lucien hata siku ya Mungu iko anaandika rapport za association yake ya haki za watu. Leo amenyoa musharubu. Kuku zangu amezipeleka kwa jirani Anne-Marie, ati azichunge. Weekend moja, na kuku zote? Na Colette ananivalisha pagne tatu, moja juu ya ingine. Ati upepo ya ziwa ni mubaya. Jasho imenijaa mpaka magotini.

Ku barrière muaskari akauliza tunaenda wapi. Lucien akasema anapeleka mama-mukwe akapumzike. Muaskari akafunua sufuria yangu kwa ncha ya bunduki. Nikamwambia: toa hiyo chuma yako mu maharagi yangu, mama yako alikufundisha kupakua na bunduki? Wenzake wakacheka, mumoja mpaka akakaa chini. "Pita, koko. Pita na vita yako." Tukapita. Lucien alikuwa anatoka jasho kunishinda, na yeye hakuvaa pagne.

Mwanaume mwenye kunyoa musharubu na kupeleka bibi yake ku plage, iko na deuxième bureau. Iko mwanamke mwingine mu mji. Anamupaka Colette asali kwanza. Nitamukamata.

Siku ya posho, 7 août

Lucien ameingia mu maji na culotte. Fupi! Mukwe wangu! Nikageuza kiti. Wote wanatazama ziwa, mimi natazama migomba. Migomba yenyewe haijapaliliwa. Mwenye plage, Théodore, rafiki ya Lucien, ni muvivu. Wako wananong'ona wawili nyuma yangu tangu asubuhi, na siwezi kugeuka.

Nikatuma mujukuu wangu Chancelle awe macho yangu. Akarudi anatiririka maji.

"Koko, papa iko anatufundisha muchezo. Tunalala chini mu mutumbwi mudogo, papa Théodore anatufunika na bâche, ile turubai yake. Mwenye kukohoa ameshindwa."

Muchezo gani huo, wa kulala kama mihogo mu gunia?

"Na mama yako?"

"Analia. Anasema ni sabuni."

Basi. Nikajua ni ule mwanamke.

Magaribi. Nimeongea na Colette. Tulikuwa tunaosha sufuria, wanaume wako mbali. Nikamuuliza bila kuzunguka: huyo mwanamke anaitwa nani? Colette akaniangalia. Akacheka mpaka akashika tumbo, halafu kile kicheko kikageuka kilio. "Maman, ingekuwa mwanamke ningemushukuru Mungu."

Akanieleza: Firmin, mwenzake Lucien wa ku bureau, waaskari walimuchukua siku ya pili ya juma hii. Hajarudi. Siku ya ine, juzi, walipita kuuliza Lucien naye anakaa nyumba gani. Jirani mumoja akawaonyesha nyumba isiyo ya Lucien. Kesho alfajiri mutumbwi ya moteur ya Théodore inawapeleka ku kisiwa ya Idjwi, kwa ndugu yake Lucien. Wanafunikwa na bâche mpaka wapite waaskari wa ziwa.

Nikamuuliza: na mimi? Juu ya nini hamukuniambia?

"Ungekataa kutoka nyumbani. Na Lucien angekuambia namna gani, maman? Hamuongeaka."

Kumbe mimi ndiyo nilikuwa barua yao ya kupita barrière. Mimi na maharagi yangu. Nilitaka kumupiga na sufuria. Nikaisugua sana, basi.

Colette anasema nichague. Nikikataa, Théodore atanirudisha mu mji siku ya kwanza, kesho kutwa. Niko na nyumba ku kijiji yetu Nyantende, na kaburi ya muzee wangu, na shamba ya kulima mbele ya mvua. Idjwi niko na nini? Hata mutu wa kugombana naye sina. Lakini barrière ni ile ile. Nani atasahau koko wa maharagi? Wataniuliza: mukwe iko wapi?

Mimi sijui kudanganya. Najua kugomba tu.

Siku ya Mungu, 8 août

Mutumbwi imekuja. Haiwezi kufika kando, mawe itaitoboa. Imesimama pale maji inafika mu kifua. Lucien alibeba Chancelle mu mikono. Akarudi. Akabeba Colette ku mugongo. Akarudi.

Sasa iko mbele yangu mu maji, mupaka magoti, amenipa mugongo. Hana culotte leo. Amevaa suruali ndefu na shati, amefunga vifungo vyote mupaka shingo, vyote vimelowa. Nimeona. Amevaa vile juu yangu, juu ya heshima.

Nikitembea mwenyewe mu maji, napandisha pagne mbele ya mukwe. Nikipanda mugongo yake — hapana. Mama yangu angetoka mu kaburi.

Akasema: "Maman, panda."

Ameniambia mimi, yeye mwenyewe. Hakupitisha kwa Colette. Colette iko mbali, hakuna tena mutu ku kando wa kupitishia neno.

Niko naandika juu macho yangu haina mahali pengine pa kwenda. Mugongo yake inatetemeka, maji ya asubuhi ni baridi. Hageuki. Mutoto wa watu. Théodore anaita pole pole kwamba kunakucha. Pagne tatu ninazo zote mwilini. Sufuria iko pembeni yangu, na yenyewe nani ataibeba?

Nimemwambia: "Lucien, inama kidogo. Uko murefu."

Nimemwambia kwa mudomo yangu mwenyewe, na jina yake nimeitaja. Ameinama. Sijui mutu anaanza kupanda na mukono gani