Ushindi wa Getini

Dada yangu,

Mama hajambo, goti limepoa, na paa halivuji tena. Mgomo nao umekwisha. Sisi wanawake wa kufungasha sabuni tulilala pale getini pamoja na mafundi mitambo, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Jana shemeji yako, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, akapanda juu ya pipa kutangaza ushindi: mafundi wameongezwa mshahara, sisi tumeachishwa kazi.

“Nyie si mna waume wa kuwalisha?” alisema. Yule mjane wa meza yetu alikuwa bado anapiga makofi.

Nyumbani akaniomba chai, nikampa. Leo asubuhi wenzangu wamepita mlangoni kwangu. Hakuna aliyebisha hodi.

Mdogo wako,
mke wa mwenyekiti